Kupanga ramani ya bustani ya mboga ya kikundi: tuanze na maji na njia, mboga zije baadaye

Mleta uzi, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha kaya 16 kilipewa kiwanja cha mita 20 kwa mita 30 kando ya shule ya msingi. Tumekilima kwa misimu miwili, na katika misimu hiyo tumebadilisha ramani yake mara tatu. Kila ninapotafuta maelezo ya kupanga bustani ya pamoja ninakutana na orodha za mboga na nafasi kati ya mche na mche, ilhali kilichotusumbua sisi hakikuwa nafasi ya miche. Kilichotusumbua ni maji, njia za kupita, na swali la nani apate tuta lipi. Kwa hiyo naomba niweke hapa hesabu zetu zote, pamoja na makosa yetu, ili wenye uzoefu wazikosoe na wanaotaka kuanza wasirudie tuliyoyafanya.

Ramani ya kwanza tuliichora kikaoni, wakati wa kiangazi, kabla hatujaiona mvua hata moja ikinyesha juu ya kiwanja kile. Kiwanja kinateremka kutoka kusini, ulipo upande wa milima ya Uluguru, kwenda kaskazini. Sisi tukachora njia moja pana katikati, iliyonyooka kutoka langoni juu mpaka uzio wa chini, na matuta pande zote mbili. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Masika ilipoanza, mvua ya usiku mmoja iliigeuza njia ile kuwa mfereji. Asubuhi nilipofika nilitumbukiza mkono ndani yake, ukazama mpaka kwenye kifundo. Samadi tuliyoinunua kwa mkokoteni ilikuwa imerundikana kwenye uzio wa chini pamoja na majani na vijiti, na miche ya chainizi, ambayo mama mmoja wa kikundi aliihamisha siku tatu tu kabla, ilikuwa imelala juu ya tope, mizizi yake myeupe ikiwa nje. Mama yule hakusema neno, aliokota mmoja mmoja akauweka kwenye beseni lenye maji. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba ramani ya bustani inachorwa na maji, sisi tunaifuatisha tu.

Ramani tuliyonayo sasa imeanzia hapo. Tulitengeneza fremu yenye umbo la herufi A kwa miti miwili ya mita 2, mti wa tatu wa kuiunganisha katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Tukaitembeza kiwanja kizima tukipigilia vigingi kila miguu ya fremu iliposimama usawa mmoja. Matuta yote yakalazwa kufuata mistari ya vigingi, yaani kukingama na mteremko, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kila tuta lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5. Upana huo unatokana na mkono wa mtu: mtu mzima aliyechuchumaa njiani anafikia kama sentimita 60 bila kukanyaga udongo, hivyo kutoka pande mbili tuta zima linafikika. Kati ya tuta na tuta kuna kijia cha nusu mita. Kila mstari una matuta matatu, na kati yao zinapita njia mbili za toroli zenye upana wa mita moja na nusu. Ukijumlisha na ukingo wa mita moja kila upande, unapata mita 20 kamili.

Kwa upande wa urefu, mita 6 za juu ni za tenki, kitalu cha miche, mashimo ya mboji na kibanda cha majembe. Mita 3 za chini ni za shimo la kunasa maji lililozungukwa na migomba. Katikati zinabaki mita 21, ambazo zinatosha mistari 12. Jumla ni matuta 36. Baada ya kila mistari minne, kijia tumekichimba kuwa kinga maji lenye kina cha sentimita 20, ili maji yasimame na kunywea badala ya kukimbia.

Sasa nije kwenye maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vinapovunjikia. Kiangazi cha Morogoro tunakadiria milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Tuta letu lina mita za mraba 6, hivyo linahitaji lita 30, ambazo ni keni tatu za lita 10. Matuta 36 yanataka lita 1,080 kila siku. Mtu akibeba keni mbili kwa wakati mmoja, hiyo ni mizunguko 54. Kama bomba liko kwenye kona ya kiwanja, wastani wa umbali kwa kufuata njia ni mita 25 kwenda na 25 kurudi, hivyo wanakikundi watatembea kwa pamoja mita 2,700 kila siku, nusu yake wakiwa wamebeba maji. Chanzo kikiwa katikati, umbali unapungua kwa nusu. Lakini tenki haliwezi kukaa katikati, kwani litapoteza nguvu ya mteremko na kula nafasi. Sisi tumeliweka juu, tukashusha mpira mpaka kwenye mapipa mawili ya lita 200 yaliyo kati ya mstari wa 6 na wa 7, na watu huchota hapo. Mapipa yana mifuniko, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya mbu.

Tenki letu ni la lita 2,000 na linapokea maji ya paa la darasa lenye mita 7 kwa 18. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 20 inaleta lita 2,520. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea, tenki linajaa. Hata hivyo, tenki lililojaa halimalizi siku mbili endapo matuta yote yamepandwa. Ndiyo maana kiangazi tunalima matuta 20 tu, tukitegemea maji ya bomba tunayoyanunua, na yaliyobaki tunayalaza chini ya matandazo au tunayapanda kunde. Naomba kila kikundi kifanye hesabu hii kabla ya kugawana matuta, hata kama kiwanja ni kikubwa na kinatia hamu.

Suala la jua nalo lina mtego. Vitabu vilivyoandikiwa Ulaya vinaagiza mimea mirefu ikae kaskazini, na watu wengi huku wananakili agizo hilo kama lilivyo. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini yetu, na mti wa mita 8 unatupa kivuli cha kama mita 4 na nusu upande wa kusini. Mwezi Desemba jua limehamia kusini, na mti uleule unatupa kivuli cha kama mita 2 na nusu upande wa kaskazini. Kwa hiyo kaskazini na kusini kwetu hubadilishana, bali mashariki na magharibi hazibadiliki: kivuli cha alasiri daima kinaelekea mashariki. Mimea mirefu ya kudumu, kama kisamvu cha mpira, mlonge na mipapai, tumeiweka kwenye ukingo wa magharibi, ili jua kali la saa tisa lisiunguze spinachi, figiri na miche ya kitaluni. Mchicha tumeuweka mbali na kivuli, kwa kuwa unapenda jua na kivulini hunyong'onyea na kurefuka shina.

Kuhusu kugawana, matuta ya chini yana unyevu na rutuba zaidi, ya juu hukauka mapema. Tulipiga kura kwa vikaratasi: kila kaya ikapata tuta moja katika mistari 6 ya juu na moja katika mistari 6 ya chini. Yalibaki mawili juu na mawili chini, nayo ni ya kikundi kwa ajili ya mbegu.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, zile njia mbili za toroli bado zinashuka na mteremko, na tunazizuia kwa magogo yaliyolazwa kila baada ya mita 2. Je, kuna njia bora zaidi? Pili, tutazungushaje mazao ikiwa kila kaya ina matuta mawili tu na kila mmoja anataka nyanya?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, hongera kwa uzi, lakini hesabu yako imenishtua. Matuta 36 ya mita za mraba 6 ni mita 216, na kiwanja kina mita 600. Umetoa karibu theluthi mbili ya ardhi kwa njia, migomba na vibanda. Hapa kwetu mtu akipata kipande kama hicho analima mpaka ukutani.

Jambo jingine ni kwamba matuta ya kuinuka hayafai kila mahali. Huku tulipo udongo ni mchanga mtupu, na tuta lililoinuliwa linakauka kabla hujarudisha keni. Sisi tunafanya kinyume chake: tunachimba tuta likae chini ya usawa wa njia kwa sentimita 15 hivi, tunachanganya samadi na mboji humo, na kingo za udongo zinashikilia maji. Wakati wa masika tunafukia yale yanayotuamisha maji na kupanda matembele, ambayo hayasumbuki na maji mengi. Naomba atakayesoma uzi huu asichukue ramani ya Morogoro akaihamishia pwani bila kuutazama udongo wake.

Mleta uzi, Morogoro

Mkuu, umesema kweli kuhusu mchanga, na nimejifunza. Kwetu udongo ni mfinyanzi mwekundu, tuta lisipoinuka mizizi inaoza masika.

Kuhusu ardhi iliyokwenda kwenye njia, na mimi niliumia mwanzoni. Msimu wa kwanza tulikuwa na vijia vya sentimita 30, na matokeo yake watu walikuwa wanakanyaga matuta ya wenzao, keni zinagonga nyanya, na toroli la samadi linaishia langoni. Ugomvi wa kwanza wa kikundi ulitokana na unyayo ulioonekana katikati ya tuta la karoti. Shambani kwako peke yako unaweza kulima mpaka ukutani, lakini panapopita watu 16 na watoto wao, njia ni sehemu ya mazao. Na kwa maji tuliyo nayo, matuta zaidi ya hayo yangekuwa ya kutazama tu.

Mchangiaji, afisa ugani mstaafu, Morogoro

Vijana wangu, nimesoma yote mpaka mwisho. Nianze na mzunguko wa mazao, maana ndiko hatari iliko.

Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili hoho, viazi mviringo na mnavu ni jamii moja. Watu wengi wanaisahau mnavu kwa sababu wanaila kama mboga ya majani, wakadhani wakitoa nyanya wakaweka mnavu wamezungusha. Hawajazungusha. Mnyauko wa bakteria unaishi udongoni na unaingilia mizizini. Utauona mmea umenyauka mchana ungali kijani, na ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka pale ulipokata. Ukiuona uzi huo, ng'oa mmea pamoja na udongo wake, na usiutie kwenye mboji. Tena usiruhusu maji ya tuta hilo yashuke kwenye matuta ya chini, kwani katika kiwanja cha mteremko ugonjwa husafiri na maji. Kwa sababu hiyo ningependa jamii ya nyanya ianzie mistari ya chini na kupanda juu msimu hadi msimu, badala ya kuanzia juu na kushuka.

Kabichi, chainizi, sukuma wiki na figiri ni jamii ya pili. Mchicha na spinachi ni jamii ya tatu. Kunde na maharage ni ya nne. Bamia iko peke yake, lakini inashambuliwa sana na minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi) sawa na nyanya, kwa hiyo isifuate nyanya kwenye tuta lilelile. Kutenganisha jamii nne kwa mistari mitatu mitatu kungependeza, ila kaya yenye matuta mawili haitakubali kukosa mboga inayoitaka mwaka mzima. Wekeni sharti moja tu ambalo kila mtu atalikumbuka: tuta lililobeba jamii ya nyanya lisirudiwe na jamii hiyo mpaka misimu mitatu ipite. Nambari ya tuta iandikwe kwenye kibao, na daftari moja la kikundi lioneshe kila tuta limebeba nini tangu mwanzo. Bila daftari, msimu wa tatu kila mmoja atakumbuka anavyopenda.

Kuhusu njia zinazoshuka, msizipande ukoka, hata mkishauriwa. Ukoka unashika udongo vizuri lakini unatambaa chini kwa chini, na baada ya mwaka mmoja mtakuwa mnaung'oa kwenye matuta. Badala ya kunyoosha njia, ikunjeni: kila mnapofika kwenye kinga maji, isogezeni njia upande kwa upana wake, ili maji yanayoshuka yagonge ukingo na kuingia kwenye kinga. Magogo yabaki pale penye kona. Kwenye kingo za makinga maji pandeni mchaichai kwa karibu karibu; unashika udongo, na kila kaya inapata chai.

Na neno moja la mwisho. Katika milima hii hii ya Uluguru, mwaka 1955, amri ya serikali ya kikoloni ya kulazimisha matuta ya ngazi iliwafikisha watu wa Matombo kwenye ghasia. Watu walikuwa na sababu ya kilimo, siyo ukaidi: kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na aliyekuwa analima hakuulizwa. Nanyi mkichimba makinga maji, udongo wa juu uwekeni kando kwanza, muurudishe juu ya tuta, na wa chini muutumie kwenye ukingo.

Mchangiaji, Nairobi

Shikamoo mzee, na hamjambo wote. Mnachokiita mnavu sisi tunakiita managu, na mchicha ni terere, ila mnyauko ni uleule.

Nataka kuongezea habari ya mahali pasipo na ardhi kabisa. Kule Kibera, familia nyingi zimelima mboga kwenye magunia yaliyojazwa udongo, yenye nguzo ya mawe katikati ili maji yashuke mpaka chini, na miche imepandwa juu na ubavuni. Gunia moja lililosimama linabeba sukuma wiki ya kutosha mboga ya nyumbani mara kadhaa kwa wiki. Ninaitaja kwa sababu ya wazee wenu. Katika chama chetu tuna nyanya wawili ambao hawawezi kuchuchumaa, nasi tumewawekea magunia karibu na lango, yanayofika kiunoni, hatua chache kutoka bombani. Ramani yenu ina matuta 36 na yote yako chini. Tafadhali fikirini juu ya magoti ya watu.

Pia anayetafuta kiwanja mjini achunguze kilikuwa nini zamani. Mahali palipokuwa gereji au jalala pana masalia ya metali zenye sumu na mafuta, na mboga za majani huzichukua metali hizo; hapo ni afadhali kutumia magunia yenye udongo wa kuletwa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Naunga mkono, na niongeze juu ya mito. Watu wanakimbilia kingo za mito kwa sababu maji yapo bure. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka hifadhi ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, na zaidi ya sheria, mto kama Msimbazi unapokea maji machafu ya mji. Mchicha unaoliwa baada ya kuchemshwa kidogo tu haufai kumwagiliwa maji hayo.

Mleta uzi, Morogoro

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Jana jioni niliusoma mchango wako mbele ya kikundi, kisha tukaenda na glasi ya maji kwenye tuta namba 29, ambalo nyanya zake zimekuwa zikinyauka mchana na kuinuka usiku. Tulikata shina moja, tukalitumbukiza, tukasubiri. Uzi mweupe ulishuka taratibu mbele ya macho yetu, na hakuna aliyezungumza kwa muda. Tuta hilo liko mstari wa 10, kwa hiyo chini yake kuna mistari miwili tu, na tunaamini tumelikuta mapema. Mwenye tuta ameng'oa miche yote asubuhi hii, na kikundi kimempa moja ya matuta ya mbegu alitumie mpaka misimu mitatu iishe.

Daftari limeanza leo. Tumeandika matuta yote 36 na kilichopandwa msimu huu, na ya misimu iliyopita tumeyakusanya kwa kuulizana, mengine tumeyaacha wazi kwa sababu wenyewe walitofautiana.

Dada wa Nairobi, tumelipokea suala la magoti. Kwenye zile mita 6 za juu, kati ya kitalu na tenki, kuna nafasi ya magunia manane, na mama mmoja mwenye umri wa miaka 71 ameshachagua la kwake kabla halijajazwa udongo.

Njia tutazikunja Jumamosi. Tumepima: kila kona itasogea mita moja na nusu, na tuta moja katika kila kinga maji litafupishwa kwa kiasi hicho, kwa hiyo matuta matatu yatabaki na urefu wa mita 3 na nusu. Wenye matuta hayo wamekubali kwa sharti kwamba msimu ujao wa kura wapewe nafasi ya kuchagua kwanza. Naona ni haki. Kama kuna aliyewahi kukunja njia ya toroli kwenye udongo mfinyanzi, naomba aniambie kona iwe na upana gani ili toroli lililojaa lisipinduke, kwa kuwa hilo bado hatujalipatia jibu.

Mchangiaji, afisa ugani mstaafu, Morogoro

Marahaba. Kona ipanueni ifike mita 2, na upande wa nje uinueni kidogo kuliko wa ndani. Pitisheni toroli lenye samadi kabla ya kukaza udongo, siyo toroli tupu.